Sura ya Sita: Tulikuwa Ndugu kwa Sababu Tulikutana

Mwaka 2004 mchumi wa Marekani, Edward Miguel, alichapisha utafiti uliolinganisha wilaya mbili za ukanda wa Ziwa Victoria: Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Zote mbili ni za watu wa kipato kidogo wanaotegemea jembe na mifugo. Zote zina kabila moja kubwa la Kibantu linaloishi bega kwa bega na makabila madogo, mengine yakiwa na lugha za asili nyingine kabisa. Busia kuna Waluhya, Wateso na Wajaluo. Meatu kuna Wasukuma, Wanyiramba na Wataturu. Mpaka uliozitenga ulichorwa na Wazungu ambao hawakumuuliza Mluhya wala Msukuma anapenda kuangukia upande gani.

Miguel aliuliza jambo la kawaida sana: wazazi wanapotakiwa kuichangia shule ya msingi ya kijiji, wanachangia? Busia, kadiri makabila yalivyochanganyika ndivyo michango ilivyopungua na shule zikakosa mahitaji. Meatu mchanganyiko wa makabila haukupunguza kitu. Mnyiramba na Msukuma walilichangia darasa lile lile bila kwanza kupiga hesabu ya watoto wa nani watakaa humo. Ardhi ilifanana, umaskini ulifanana, mchanganyiko wa watu ulifanana. Kilichotofautiana ni mambo ambayo serikali mbili zilikuwa zimefanya kwa miaka arobaini.

Naianza sura hii na Busia na Meatu kwa sababu Watanzania tuna mazoea ya kuuzungumzia umoja wetu kama mtu anavyozungumzia urefu wake: tumezaliwa nao, Mungu katujalia, majirani watuonee wivu. Mazoea hayo yana hatari. Anayeamini kwamba alizaliwa na kitu hajifunzi namna ya kukitunza, na kinapoanza kupungua hutafuta mchawi wa nje. Tangu Oktoba 2025, mwezi ambao Watanzania walishuhudia damu ya Watanzania wenzao ikimwagika katika miji mikubwa kwa kiwango ambacho wengi hawakudhani kinawezekana hapa, swali limekuwa kwenye kila baraza la kahawa na kila msiba: bado sisi ni taifa moja? Jibu haliwezi kupatikana kwa kuimba sifa za zamani. Tutalipata tukikumbuka umoja huo ulijengwa vipi, kisha tukague ni kazi gani kati ya zile bado inafanyika.

Kazi iliyofanywa

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia. Wapo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Hoja yao ilikuwa na mashabiki wengi, maana watu walikuwa wametoka kudharauliwa katika nchi yao wenyewe kwa sababu ya rangi. Julius Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, aliipinga kwa ukali, akasema yeye na serikali yake wako tayari kujiuzulu kuliko kuifanya rangi ya ngozi kuwa kipimo cha uraia. Muswada ukapita alivyotaka. Taifa lilikuwa halijazaliwa, na tayari mtu mmoja alikuwa amekiweka cheo chake rehani ili Mhindi wa Kisutu na Mzaramo wa Kisarawe wawe raia kwa sheria moja.

Yaliyofuata yalikuja kwa mpango. Mwaka 1962 shule zilizotengwa za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika ziliunganishwa kuwa mfumo mmoja. Mwaka 1963 machifu waliondolewa madaraka ya kiserikali, na wengine wao wakaingizwa katika utumishi wa nchi nzima. Adam Sapi Mkwawa, chifu wa Wahehe, alikuwa Spika wa Bunge. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Mwaka huo huo sensa iliwauliza watu kabila na dini zao, na haikurudia tena. Sensa zote zilizofuata zimetuhesabu bila kutuuliza hayo.

Tulikuwa pia na mtaji tuliorithi. Hapakuwa na kabila lenye ukubwa wa kuwatisha wengine. Hata Wasukuma, walio wengi kuliko wote, hawakufikia humusi ya watu wa nchi. Kiswahili kilikuwa kimesafiri na misafara ya pembe na chumvi, kikatumiwa na utawala wa Wajerumani, kikawa lugha ya mikutano ya TANU tangu 1954. Tulikuwa na utani. Wanyamwezi waliokuwa wakipagaa mizigo kuelekea pwani walitaniana na Wazaramo, ambao misafara ilipita kwao. Wangoni na Wahehe waliopigana vita vikali wakageuza uadui ule kuwa utani unaomruhusu mtani kuingia msibani, kumtania marehemu na kudai ada bila mtu kukasirika. Mababu zetu walijua kwamba watu waliowahi kuuana wanahitaji desturi ya kuwakutanisha, na desturi hiyo lazima ifanyike hadharani, tena wakati wa kifo, pale ambapo uchungu ni mkali.

Lakini mtaji peke yake haukutosha. Kenya nayo ilikuwa na Kiswahili, na Uganda haikukosa desturi za ujirani. Kilichofanyika huku ni kuwalazimisha watu kukutana, na kuwakutanisha wakiwa sawa.

Chombo kikubwa kilikuwa shule ya bweni. Serikali ilipozichukua shule za misheni, kwa sheria ya 1969, ilipata uwezo wa kumpanga mwanafunzi wa sekondari popote. Mtoto wa Bukoba akapelekwa Songea, wa Newala akapelekwa Tabora, wa Same akajikuta Musoma. Alipewa waranti ya safari, akabeba sanduku lake la bati, akapanda treni ya Reli ya Kati pamoja na mamia ya wenzake. Tabora, wa Mwanza waliachana na wa Kigoma. Njiani alionja matunda ambayo kwao hayaoti na kusikia salamu ambazo hakuwahi kuzisikia. Shuleni alikuta kitanda cha juu kimelaliwa na Mmakonde na cha chini na Mkurya, na wote watatu wanagombania ukoko wa ugali. Likizo fupi, asiyeweza kufika kwao alikwenda kwa rafiki, akapokewa kama mtoto wa nyumba, akafundishwa kula ndizi kwa nyama au mlenda. Miaka kumi baadaye rafiki yule alikuwa shemeji yake.

Shule hizo hazikuwa na watoto wa maskini tu. Mtoto wa waziri na mtoto wa mvuvi walipiga deki bweni moja, maana shule bora za nchi zilikuwa hizo hizo: Tabora, Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Pugu, Weruweru, Msalato. Na ili mikoa ambayo wamisionari waliichelewa isiachwe nyuma, katika miaka ya 1970 serikali iliweka mgao wa nafasi za sekondari kwa mikoa. Kilimanjaro na Bukoba, maeneo ya kahawa na shule nyingi za misheni, yalipoteza nafasi ambazo watoto wao wangezipata kwa alama zao. Wazazi wa huko waliumia, na walikuwa na haki ya kuumia. Lakini bila uamuzi ule ofisi za serikali zingejaa watu wa milima miwili mitatu, na mtu wa Lindi angeiona serikali kama mali ya wengine. Umoja una gharama, na mara nyingi anayeilipa ni aliyetangulia.

Halafu lilikuwepo Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Julai 1963. Sheria ilipowataka wahitimu wa vyuo kulitumikia, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu tarehe 22 Oktoba 1966 kupinga masharti yake, hasa makato ya mshahara. Nyerere aliwafukuza karibu wanafunzi 400. Wengi wanalikumbuka hilo. Wachache wanakumbuka kwamba siku ile ile alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Aliona kwamba hawezi kumwomba kijana ajitoe wakati viongozi wanakula vizuri. Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha lilileta miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni. Miiko ile iligusa umoja zaidi ya tunavyokiri. Raia alipomtazama mkuu wa wilaya aliyetoka mkoa wa mbali, aliona mtu anayeishi maisha yanayofanana na yake.

Deni tulilojiwekea

Tukiisifu kazi hiyo bila kutaja ubaya wake tutakuwa tunawadanganya vijana, nao wana haki ya kutukasirikia. Umoja wa zama zile ulisukumwa pia kwa mkono mzito. Sheria ya 1962 ilimruhusu Rais kumweka mtu kizuizini bila kesi. Kati ya 1973 na 1976 Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya watu, wengi wao kwa nguvu, wakaacha migomba, makaburi na nyumba zao. Mwaka 1968 jumuiya kubwa ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, ilipigwa marufuku, ikaja BAKWATA, na hadi leo wapo Waislamu wanaoona kwamba chombo chao walichaguliwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika, ambavyo wakulima walivijenga wenyewe tangu zama za mkoloni, vilivunjwa. Muungano wenyewe wa Aprili 1964 uliwekwa saini na marais wawili. Si Mtanganyika wala Mzanzibari aliyeulizwa kwa kura.

Kila tukio lilikuwa na sababu zake, na nyingine zilikuwa nzito. Lakini kwa ujumla yalitufundisha somo moja baya: kwamba anayehoji anavuruga umoja. Somo hilo liliishi kuliko mambo mazuri yaliyolizunguka. Shule za kutuchanganya zilipodhoofika na miiko ilipoondolewa, tabia ya kumtazama mwenye hoja kama adui wa taifa ilibaki palepale.

Tulipoacha kukutana

Viwanja vya kukutana vilifungwa kimoja kimoja, na karibu kila kimoja kilifungwa kwa sababu iliyoonekana ya busara. Februari 1991 chama tawala kilikutana Zanzibar na kulegeza miiko ya uongozi. Uchumi ulikuwa umekwama, na ilionekana si haki kumzuia kiongozi kujitafutia riziki. Mwaka 1994 mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yalisitishwa kwa ukosefu wa fedha. Yaliporejeshwa mwaka 2013 yalikuwa ya muda mfupi, kwa wahitimu wa kidato cha sita, na kambi hazikuweza kuwapokea wote. Karibu miaka ishirini ya vijana wasomi ikapita bila vumbi la pamoja.

Kisha zikaja shule za kata. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na shule za sekondari chini ya 2,000. Kufikia 2010 zilizidi 4,000, nyingi zikiwa zimejengwa kwa nguvu za wananchi. Nani atathubutu kuzilaumu? Mamia ya maelfu ya watoto, hasa wasichana, ambao miaka ya nyuma wangeishia darasa la saba, wamesoma kwa sababu shule ilijengwa karibu na kwao. Tangu 2016 wanasoma hadi kidato cha nne bila ada. Hayo ni mafanikio ya kweli ya taifa hili. Lakini mtoto wa kata sasa anaanza darasa la kwanza na kumaliza kidato cha nne akiwa na watoto wa vijiji vile vile, na huenda akawa mtu mzima bila kulala usiku mmoja nje ya wilaya yake.

Wakati huo huo wenye uwezo wameondoka. Shule binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza zimewachukua watoto wa wabunge, mawaziri, makatibu wakuu, wafanyabiashara, na hata wa walimu wakuu wa shule za serikali wanaoweza kujinyima. Basi la njano linamchukua mtoto mlangoni saa kumi na moja alfajiri na kumrudisha jioni. Mtoto wa Masaki na mtoto wa Mbagala, walio katika jiji moja, hawajui hata majina ya shule za kila mmoja. Hawatakutana bwenini, wala kambini, wala hospitali, kwa kuwa mmoja ana bima ya hospitali binafsi. Watakutana siku moja barabarani, mmoja ndani ya gari lenye vioo vyeusi na mwingine juu ya bodaboda, na hapo kila mmoja atamhukumu mwenzake kwa anachokiona.

Mpasuko uko wapi

Wanaotabiri kwamba Tanzania itavunjika kwa ukabila wanatazama mahali pasipo na ufa mkubwa. Rais wa kwanza alikuwa Mzanaki, wa tatu Mmakua, wa nne Mkwere: makabila madogo ambayo watoto wengi wa shule hawawezi kuyaonyesha kwenye ramani. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inakataza chama cha kabila, cha dini au cha eneo moja, na inakitaka chama kiwe na wanachama katika mikoa isiyopungua kumi, ikiwemo ya Unguja na Pemba. Kariakoo mashabiki wa Yanga, iliyoanzishwa 1935, na wa Simba, iliyofuata mwaka mmoja baadaye, bado wanatukanana na kupeana lifti bila kuulizana asili. Na mwaka 2014 nchi hii ilianza kugawa vyeti vya uraia kwa watu wapatao 162,000, wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 pamoja na watoto na wajukuu wao, katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Nchi chache duniani zimewahi kufanya jambo hilo kwa mkupuo mmoja. Taifa linaloweza kuwaambia watu laki moja na nusu kwamba sasa ninyi ni wetu halijapoteza roho yake.

Nyufa zetu ziko kwingine, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alizitaja mwaka 1995, katika hotuba ambazo bado husikika redioni kila Oktoba, aliposema nyumba aliyosaidia kuijenga imepata nyufa. Chukua Zanzibar. Tarehe 27 Januari 2001 watu waliuawa Pemba na Unguja katika maandamano ya kupinga uchaguzi wa mwaka uliotangulia, na kwa mara ya kwanza Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ilitoa wakimbizi wake wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Chukua Mwembechai mwaka 1998, Waislamu walipopigwa risasi jirani na msikiti. Chukua Mtwara mwaka 2013, wananchi walipouliza gesi ikisafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam wao watabaki na nini, wakajibiwa kwa askari. Chukua Loliondo, Juni 2022, vigingi vya mpaka wa hifadhi vilipowekwa, askari polisi akauawa na Wamasai wakakimbilia Kenya na majeraha ya risasi.

Ukiyapanga matukio hayo pamoja utaona kwamba hakuna hata moja ambamo jirani alimshambulia jirani kwa sababu ya kabila lake. Kila mara upande mmoja ulikuwa raia waliotaka kusikilizwa, upande wa pili serikali iliyoona kusikilizwa kwao ni tishio. Mpasuko wa Tanzania umepita kati ya wanaotawala na wanaotawaliwa, na umepanuka kadiri watu hao wawili walivyoacha kuishi maisha yanayogusana. Kiongozi ambaye mwanawe hasomi shule ya serikali, ambaye mkewe hajifungulii zahanati ya serikali, hupata habari za wananchi kwa ripoti, na ripoti huandikwa na watu wanaomwogopa.

Ukimya haukuwa umoja

Kuna wakati tulikaribia kuzungumza. Kuanzia 2012 Tume ya Mabadiliko ya Katiba, ikiongozwa na Jaji Joseph Warioba, ilizunguka nchi nzima. Watu walisimama kwenye viwanja vya vijiji wakasema wanataka nchi ya namna gani. Mabaraza ya katiba yakaundwa kila wilaya. Mkulima wa Kibondo na mvuvi wa Kojani waliulizwa swali moja, kwa lugha moja. Rasimu iliyotoka ilipendekeza serikali tatu, ikaorodhesha tunu za taifa, zikiwemo utu, uadilifu na uwajibikaji. Unaweza kuipinga rasimu ile kwa hoja nzuri. Lakini Bunge Maalumu la 2014 liliibadilisha katika mambo ya msingi, wajumbe wa upinzani wakatoka, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa, nayo haijapigwa hadi leo. Wananchi waliambiwa waseme, wakasema, kisha wakaona maneno yao yakiwekwa kabatini. Hilo lilikuwa jeraha kubwa kwa umoja wetu, ingawa halikutoa damu.

Damu ilikuja baadaye. Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifanyika wakati chama kikuu cha upinzani hakimo kwenye karatasi ya kura na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, akiwa gerezani tangu Aprili kwa shtaka la uhaini. Siku ya kura vijana waliingia barabarani Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya na kwingineko. Mali zilichomwa. Intaneti ilizimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na risasi zilitumika. Mshindi alitangazwa kwa karibu asilimia 98 ya kura. Kuhusu waliokufa, serikali, vyama na watetezi wa haki za binadamu wametofautiana vikali juu ya idadi. Kwa familia zilizotafuta miili ya watoto wao, idadi inaanza na moja. Novemba iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru, hapakuwa na sherehe.

Tuseme wazi lililo wazi. Zaidi ya nusu ya Watanzania, katika sensa ya 2022 iliyotuhesabu watu 61,741,120, wana umri ambao hawakumkuta Mwalimu akiwa hai au walikuwa wachanga alipofariki Oktoba 1999. Vijana hao hawajapanda treni ya waranti, hawajalala bweni moja na mtoto wa waziri, hawakuulizwa na mtu kuhusu katiba. Umoja tunaowahubiria wameusikia kama amri ya kunyamaza. Tunapowaita wasio wazalendo, tunawadai riba ya mkopo ambao hatukuwahi kuwapa. Na bado, katika uchungu wao, hawakuwatafuta Wachaga wala Waislamu wala Wakristo wa kuwalaumu. Walibeba bendera ya taifa na kudai kuwa sehemu yake. Mtu asiyejali taifa haendi barabarani kulidai.

Ndiyo maana nasema hatujapoteza hisia ya kuwa wamoja. Hisia ipo, tena ina njaa. Tulichopoteza ni utaratibu wa kuilisha, na kinachoidhuru zaidi sasa ni kukataa kwetu kukiri.

Tunachodaiwa

Jambo la kwanza ni ukweli kuhusu Oktoba 2025: waliokufa watajwe majina, familia zipate miili na fidia, walioamuru risasi wajibu mbele ya sheria. Tunao mfano wetu wenyewe kwamba wagomvi wa kweli wanaweza kukaa meza moja. Novemba 2009 Rais Amani Karume wa Zanzibar na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, watu ambao wafuasi wao walikuwa hata hawazikani, walikutana; Julai 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni na zaidi ya asilimia 66 wakakubali serikali ya umoja. Maridhiano yale yalitikisika baadaye kwa sababu uchaguzi wa 2015 ulifutwa, jambo linalotufundisha kwamba suluhu isiyolindwa na kura ya haki haidumu. Lakini kwa miaka ile mitano Pemba na Unguja zilipumua, na misikiti na misiba ikarudi kuwa ya wote.

La pili ni kuumaliza mchakato wa katiba kuanzia kwenye maoni ya wananchi, kwa sababu wakati ule nchi nzima iliulizwa.

La tatu ni kukutana. Hatuwezi kuzivunja shule za kata, wala hatupaswi. Tunaweza kurudisha mabweni mengi zaidi ya kidato cha tano na sita na kuwapanga wanafunzi mbali na kwao kwa makusudi, kuunda mpango wa kubadilishana wanafunzi kati ya wilaya na kati ya Bara na Visiwani, na kulifanya JKT liwachukue wote, mwenye mzazi mkubwa na asiye naye, kwa kazi yenye faida inayoonekana. Walimu, matabibu na mabwana shamba wapewe sababu nzuri ya kufanya kazi mbali na kwao, nyumba na posho zikiwemo, maana kwa kijiji kingi mwalimu mgeni ndiye Mtanzania wa kwanza wa mbali ambaye watoto wanamjua kwa jina.

La nne ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa linawahusu wenye madaraka. Kiongozi wa umma atumie huduma za umma. Mwanawe asome shule ambayo sera zake zinaiendesha. Atibiwe hospitali ambayo bajeti yake ameipitisha. Siku ambayo mbunge atakuwa na mtoto kwenye darasa la wanafunzi tisini, darasa hilo litapata mwalimu wa pili kabla ya mwisho wa muhula, na mzazi mwenzake wa kijijini ataamini, kwa kuona, kwamba wako pamoja.

Waliotutangulia walijenga undugu kati ya watu wa makabila zaidi ya 120 wakiwa na madaktari wa kuhesabika, barabara za vumbi na hazina tupu. Walikosea mengi, na tumeyataja. Ila walikubali kwamba umoja unalipiwa, na walioko juu walipe kwanza. Sisi tuna fedha nyingi kuliko wao, shule nyingi kuliko wao na vijana wasomi wengi kuliko wao. Tukishindwa, haitakuwa kwa sababu makabila yetu ni mengi au dini zetu kubwa ni mbili. Itakuwa kwa sababu wenye nafasi ya kulipa kwanza walikataa.